Kabla Hujaandika "Amepumzika"

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya wanaume, katika hospitali moja hapa Mwanza, nikimuuguza baba yangu aliyeletwa kutoka kisiwa cha Ukerewe akiwa na homa ya mapafu. Kwa siku tatu mfululizo hakuwa amepata usingizi. Alikohoa, akageuka huku na huku, akaomba ainuliwe na mara akaomba alazwe tena. Ilipotimu saa 5 usiku kikohozi kilimwachia, akalala. Nilishusha pumzi, nikachukua simu na kumwandikia kaka yangu aliyeko Nansio maneno matatu: "Kaka, Mzee amepumzika." Kisha nami nikajiegesha ukutani, na simu ikaishiwa chaji.

Kesho yake kabla ya adhuhuri kaka aliingia wodini akiwa ameshuka melini pamoja na shangazi zetu wawili. Nyumbani Nansio mikeka ilikuwa imeshatandikwa uani na moto wa msiba ulikuwa umewashwa tangu usiku wa manane. Shangazi mkubwa sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Walimkuta baba ameketi kitandani, anakunywa uji. Kaka hakusema lolote. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika baba mkono, akalia kwa muda mrefu.

Sikuwa nimedanganya hata neno moja, na bado niliwatesa watu ninaowapenda kwa usiku mzima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachunguza kwa makini maneno tunayoyatumia kusema kwamba mtu, mwili, kazi au hata ziwa limeacha kujishughulisha, na nimeona kwamba mengi kati yake hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Neno linaweza kukupatia siku za kupona au kukunyima, na linaweza kukuheshimisha au kukufanya uonekane mzigo. Ninaandika haya kwa ajili ya wale wanaouguza, wanaoomba likizo, na wanaowaandikia wengine barua.

Nianze na neno lenyewe. Kupumzika kuna uhusiano na pumzi. Anayepumzika ni yule anayeipa pumzi yake nafasi ya kurudi baada ya kazi au mateso. Ndiyo maana neno hili liliwafaa sana waombolezaji, kwa kuwa marehemu ametua mizigo yote. Tatizo hujitokeza kwenye viambishi vya wakati. Nikisema "anapumzika", kila mtu ataelewa kwamba mtu yupo hai na anaendelea kujipumzisha. Nikisema "amepumzika", tendo limekamilika, na katika masikio ya wengi kukamilika huko kumekuwa tangazo la kifo. Kitenzi ni kilekile, kilichobadilika ni silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo iliyowatandikia mikeka watu wa Nansio.

Kulala nako hakuko salama kama kunavyoonekana. Kwa kawaida "amelala" ni hali ya mtu aliye usingizini au aliyejinyoosha kitandani, lakini Wakristo wengi husema pia kwamba fulani "amelala katika Bwana", na anayesoma ujumbe usiku akiwa na hofu moyoni huenda asisubiri maneno yanayofuata. Ushauri wangu kwa anayeuguza ni kwamba atumie maneno ambayo msiba haujayagusa: "amepata usingizi", "anapumua vizuri", "homa imeshuka". Aeleze alichokiona kwa macho yake, na aanze na habari ya uhai kabla ya habari ya utulivu. Ujumbe ukiwa "Mzee anaendelea vizuri, amepata usingizi tangu saa 5", hakuna atakayewasha moto uani.

Nina steshenari ndogo huku Buzuruga, na zaidi ya kutoa nakala na kuuza madaftari, kazi yangu kubwa ni kuwaandikia watu barua. Wengi huja kuomba kupumzika kwa namna moja au nyingine, na wengi huja na neno lisilo lao. Hutumia likizo, livu, ruhusa na mapumziko kana kwamba yote ni kitu kimoja, ilhali mbele ya mwajiri kila moja lina uzito wake. Likizo ni haki ya mwajiriwa iliyohesabiwa siku zake; livu ni jina lake la mazungumzo, na halifai barua rasmi. Ruhusa ni hisani: unaomba kuondoka saa 6 mchana kwenda shuleni kwa mtoto, na msimamizi anaweza kukubali au kukataa. Mapumziko ni muda uliomo ndani ya ratiba ya kazi yenyewe, na hayaombwi kwa barua hata kidogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayatofautisha mambo haya vizuri kuliko sisi wenyewe. Anayefanya kazi kwa zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya kumaliza kazi ya siku moja na kuanza ya siku inayofuata zinatakiwa ziwepo angalau saa 12. Na kila wiki iwe na saa 24 mfululizo za kupumzika. Hayo ni mapumziko. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Likizo ya ugonjwa ni jambo jingine kabisa, nayo hufikia siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu, mradi mgonjwa awe na cheti cha daktari. Kuna likizo ya uzazi ya siku 84, inayofika 100 mama akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, na baba naye ana siku 3. Anayefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto ana siku 4.

Naeleza haya kwa sababu nimeona gharama ya kuyachanganya. Alikuja dada mmoja anayekata minofu ya sangara katika kiwanda ambacho sitakitaja, akiwa amepungua mwili na mkono umefungwa bandeji. Wiki chache kabla alikuwa ameandika mwenyewe barua yenye sentensi hii: "Naomba likizo ili nipumzike kwa kuwa mwili umechoka." Alipewa siku 14, akashukuru. Aliporudi kazini akagundua kwamba siku zote 14 zilikatwa kwenye zile 28 za mwaka, ingawa wakati wote huo cheti cha daktari kilikuwa ndani ya mkoba wake. Hakuna aliyemwibia kwa nguvu. Maneno yake mwenyewe yalisema kwamba amechoka, na aliyechoka hupewa likizo ya mwaka. Tuliketi tukaandika upya: "Naomba siku 14 nilizokuwa nje ya kazi zitambuliwe kuwa likizo ya ugonjwa, kama daktari alivyoelekeza katika cheti nilichoambatanisha." Baada ya kuzungushwa kwa mwezi mzima, siku zake zilirudishwa.

Kwa hiyo unapoandika barua ya namna hii, taja jina kamili la likizo, taja idadi ya siku na tarehe ya kurudi, na ambatanisha karatasi inayokuunga mkono, iwe cheti au ile ambayo wafanyakazi wengi huiita ED, yaani karatasi ya daktari ya kumruhusu mgonjwa asiende kazini. Liache nje ya barua neno "kuchoka". Ni neno la kweli, lakini ofisini husomeka kama lawama au malalamiko, na halina kifungu chochote cha kulilinda. Neno "kupumzika" pia huwa silipi nafasi katika sentensi ya ombi. Likiwa la lazima, nalipeleka mwishoni, baada ya sababu.

Daktari naye hutumia neno hili, na hapo ni sharti mgonjwa aulize. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na siku ya kuruhusiwa nikaambiwa, "Nenda nyumbani ukapumzike." Mama mkwe wangu alielewa kwamba nisifungue steshenari. Mimi nilielewa kwamba badala ya ndoo mbili za maji nichote moja. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, alielewa kwamba kwa kuwa nitashinda nyumbani, wageni waliokuwa wakisubiri kuja sasa wanaweza kuja. Siku ya sita kidonda kiliachia. Wote tulikuwa tumetii agizo, kila mmoja kwa kamusi yake.

Nilichojifunza ni kumwomba mhudumu wa afya aniambie kwa vitenzi vya kukanusha, tena pamoja na muda: nisiinue kitu kizito kwa wiki ngapi, nisifue mpaka lini, nisichote, nisiiname, nilale mchana kwa saa ngapi. Orodha hiyo iandikwe na isomwe mbele ya watu wa nyumbani, kwa kuwa "pumzika" likiachwa peke yake humlinda zaidi anayelisema kuliko anayeambiwa. Kwa mwanamke wa kwetu hasa, neno hilo halitoshi. Nyumba ina kazi nyingi ambazo hazihesabiwi kuwa kazi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye kitenzi chenyewe cha kukaa na kale kaneno kadogo "tu" kanakokifuata. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi hutumia za sola. Taa huwavuta dagaa pale giza linapokuwa nene, na mbalamwezi ikishatanda mwanga wa taa hupotea na samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo wavuvi huugawa mwezi katika sehemu mbili: kuna giza, ambalo ni wakati wa kazi, na kuna mwezi, ambapo kwa takribani siku kumi mitumbwi hulala mwaloni, pale inapotia nanga ufukweni. Siku hizo za mwezi baba alionekana chini ya mwembe kuanzia asubuhi, na watu waliohamia kisiwani kutoka bara walizoea kusema kwamba wavuvi wa dagaa wanakaa tu. Mikononi alikuwa na sindano ya nyavu. Alikuwa akiziba matundu, akikagua kamba, akiziba nyufa za mtumbwi, akilipa madeni na kudai yake. Alipoulizwa mbona amekaa, alijibu, "Sijakaa. Ninasubiri giza."

Nimelibeba jibu hilo maisha yangu yote. Kusubiri ni kazi, kutengeneza ni kazi, na mwili uliokesha siku ishirini una deni la usingizi ambalo lazima lilipwe. Anayesema "amekaa tu" anafuta yote hayo kwa silabi moja. Ni vilevile tunaposema kwamba mama fulani hafanyi kazi, "yupo nyumbani tu", wakati amekwisha kuchota, kupika, kufua, kuogesha watoto na kwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa wa kuuza rejareja. Kijana aliyemaliza masomo na kutuma maombi ya kazi hamsini naye tunasema "yupo tu", mpaka yeye mwenyewe akiulizwa habari za siku nyingi anajibu, "Nipo tu." Ninawaomba wanaojaza fomu kwenye kaunta yangu waiondoe "tu" hiyo. Anayetafuta kazi aandike kwamba anatafuta kazi, na mama anayelea aandike kwamba analea.

Lugha yetu ina njia ya kuheshimu kusimama kwa shughuli bila kumlaumu mtu, nayo ni kupumzisha. Mkulima hupumzisha shamba ili rutuba irudi, na hakuna anayeliita shamba hilo vivu. Serikali iliposimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, neno lililotumika lilikuwa hilohilo, kupumzisha shughuli za uvuvi. Nilipolisikia nilifikiri kwamba, tukiweza kulitamka kwa udongo na kwa maji, hatukosi uwezo wa kulitamka kwa mtu. "Mpumzishe mama yako" ni agizo zuri kuliko "mama, pumzika", kwa sababu linampa mtu mwingine wajibu wa kushika ndoo.

Maneno ya lawama ni mengi, nayo hayafanani. Mvivu hapendi kazi. Hilo linahusu tabia yake yote, na ukilitamka umemhukumu mtu mzima. Mzembe anaweza kuwa anafanya kazi kutwa nzima, ila hajali matokeo. Mtegaji huikwepa kazi ili wenzake waibebe, kwa hiyo kosa lake ni dhidi ya wenzake. Aliyebweteka alikuwa akifanya vizuri, akaridhika mapema. Aliyezubaa hakuiona nafasi ikipita. Kulaza damu ni kuuacha mwili ukose uchangamfu, na huwa naona ndilo onyo la upole kuliko yote, la ndugu kumwambia ndugu: "Usilaze damu, jua limetoka." Ajizi ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutoweza, methali yetu inasema ajizi ni nyumba ya njaa, lakini nikikumbuka mzizi huo najiuliza kwanza kama mtu huyu hataki au hawezi. Nimewahi kumwita mfanyakazi wangu mvivu kwa miezi miwili kabla ya kupimwa na kukutwa na upungufu mkubwa wa damu. Nilimwomba radhi, na bado neno lile linaniuma mimi kuliko yeye. Sasa, kabla ya kutamka neno lolote kati ya hayo, nataja tendo: "Jana nakala hazikutolewa." Tendo linaweza kuelezwa na kurekebishwa, lakini jina humganda mtu.

Neno moja katika kundi hilo limewahi kuwatia watu mbaroni. Mzururaji, kwa maana ya kawaida, ni mtu anayetembea bila shughuli maalumu. Wakoloni walituachia sheria za uzururaji, na katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 watu walioonekana mijini bila kazi inayotambulika walikamatwa na kurudishwa vijijini. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Ninawakumbusha hilo hasa wazazi wanaowaita vijana wao wazururaji mbele ya wageni.

Tuna pia maneno ya raha ambayo naona tunayaacha yafe kwa kutoyatumia. Kubarizi ni kuketi mahali penye hewa, mara nyingi na wengine, mkizungumza bila haraka. Kupunga upepo ni kutoka kwa makusudi kuufuata upepo, kama tufanyavyo alasiri kwenye miamba ya Capri Point, wakati upepo wa ziwa unapoingia nchi kavu. Kujinyoosha ni kulala kidogo mchana bila kudhamiria usingizi. Raha na starehe yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupumzika, ila starehe limeelemea upande wa matumizi ya fedha, kiasi kwamba ukimwita mtu "mpenda starehe" umemshutumu. Nawashauri watu waliochoka wataje mojawapo ya maneno haya wanapoaga nyumbani. Ukisema "naenda kupumzika", utaulizwa unaumwa nini. Ukisema "natoka kupunga upepo kwa saa moja", watakuacha uende.

Kwa wanaoondoka kazini moja kwa moja nitasema machache. Kustaafu ni kumaliza utumishi kwa utaratibu. Katika utumishi wa umma ni hiari ukifika miaka 55 na ni lazima ukifika 60. Kung'atuka ni kuachia nafasi kwa ridhaa yako wakati bado ungeweza kubaki, na neno hilo tumelipata kutoka Kizanaki, lugha ya kwa Mwalimu Nyerere huko Mara, aliyelieneza alipokuwa akiuacha urais mwaka 1985. Kupumzishwa ni kuondolewa na mwingine, hata kama barua ya shukrani imeandikwa vizuri. Mstaafu anapokuja kwangu kuandikiwa wasifu, namuuliza lipi kati ya hayo matatu ndilo lake, na tunaandika hilohilo.

Baba alipona homa ile, akarudi Ukerewe, akaishi miaka miwili zaidi, akiziba nyavu za wajukuu wake siku za mwezi. Alipofariki ilikuwa alfajiri, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Niliandika: "Kaka, Baba amefariki dunia leo saa 10 alfajiri. Nipo naye. Nipigie." Kaka alipiga mara moja, na hakuniuliza nilimaanisha nini. Neno "amepumzika" tulilitamka siku ya mazishi, kwenye sala, sote tukiwa tumesimama kando ya kaburi, huku mitumbwi ikiwa imelala mwaloni kwa kuwa ulikuwa mwezi.